Aliyempigia Mwizi Saluti

"Basi hiyo saluti ulipiga ya nini?"

"Mkono ni wangu, Mama Sumayiya. Naweza kuupeleka ninakotaka."

"Mkono wako, sawa. Na masufuria je? Masufuria nayo yalikuwa yako?"

Afande Odyek alikuwa upande wake wa ukuta, kifua wazi, povu la sabuni limebaki shavu moja, wembe mkononi. Alikuwa amechagua asubuhi ile kunyoa nje, penye mwanga, na sasa alijuta. Zulaika alikuwa upande wa pili, juu ya matofali mawili, maana Mungu alimpa maneno mengi na urefu kidogo, na mtu anayegombana juu ya ukuta lazima aonekane walau mpaka kifuani. Nyuma yake wanawake wa mtaa walikuwa wameacha nguo kwenye mabeseni.

"Ungekaa kwenye kiti chako kama wastaafu wenzako," Zulaika aliendelea, "mimi ningemwomba yule mtu kitambulisho. Lakini wewe ukainuka. Ukabana visigino. Ukapiga saluti mpaka kuku wakakimbia! Sasa nani tena angemwomba kitambulisho mtu aliyepigiwa saluti na polisi?"

"Polisi mstaafu."

"Wewe ndiye umestaafu. Saluti haijastaafu!"

Kicheko kikapanda pale uwanjani, na Zulaika akakisikia kikimshuka mwilini kama chai ya tangawizi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa. Hata akiwa na msiba, akisikia watu wanacheka alichosema, msiba unasogea kando kidogo kumpisha.

Filda, mke wa Odyek, akatoka jikoni na mwiko. "Ee Mama Sumayiya, unamfokea mume wangu tangu jana. Yeye ndiye aliyeiba?"

"Sikusema ameiba. Nimesema ni mtu wa tatu."

"Wa tatu wa nini?"

"Wakili alieleza kwenye redio juzi. Tapeli akishakula mali yako akapotea, usikae ukilia. Tazama ni nani aliyemfungulia mlango kwa uzembe wake. Huyo ndiye mtu wa tatu, na hasara inaweza kumwangukia."

"Mtu wa tatu ninayemjua mimi ni wa bima ya pikipiki," Filda alisema. "Afande hana magurudumu."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hiki hakikuwa cha Zulaika. Akashuka kwenye matofali. "Tutakutana kwa Hajati Nusura," alisema, na kwa kuwa sasa ukuta ulimmeza, ilionekana kama ni ukuta uliokuwa ukitoa vitisho.

Masufuria yenyewe yalikuwa saba, na hayakuwa yake. Yalikuwa ya kikundi cha akina mama wa mtaa ule wa Old Kampala, wa msikitini na wa kanisani pamoja, walionunua kidogo kidogo ili mtu akifiwa au akiozesha asihangaike kutafuta vyombo. Dogo kabisa lilipika wali wa watu hamsini. Kubwa waliliita Jenerali, na ndani yake mbuzi mzima angeiva pamoja na malalamiko yake. Hajati Nusura alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Zulaika alikuwa mtunzaji.

Kazi ya utunzaji haikuwa na malipo, lakini Zulaika asingeiuza kwa bei yoyote. Aliyetaka sufuria alipita kwake. Aliyepita kwake alikalishwa, na aliyekalishwa alipewa chai. Sasa mtu aliyepewa chai atanyamaza vipi? Ndivyo ilivyokuwa kwamba posa za mtaa, ugomvi wa mtaa, na hata mimba ambazo wenye nazo walikuwa hawajazitambua vizuri, vyote vilipita kwenye baraza ya Zulaika kabla ya kufika kwingine. Tangu mumewe afariki na binti yake Sumayiya aolewe Arua, hakuwahi kula peke yake. Masufuria yalimletea watu. Bila masufuria, yeye alikuwa mwanamke tu mwenye viti vingi.

Kisha akaja Kapteni.

Alikuja mchana, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa hata unaweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Alisema wanajeshi wastaafu wanafanya mkutano wao Kyambogo, wanahitaji vyombo kwa siku mbili. Kanuni ya kikundi ilikuwa wazi: mkopaji alete barua ya mwenyekiti wa mtaa wake, aache na kitambulisho. Zulaika ndiye aliyeitunga. Lakini Kapteni alikula wali wake, akaomba sahani ya pili kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa Zulaika mtu anayeomba sahani ya pili amejitambulisha tayari. Wakazungumza mambo ya kawaida, ya hapa na pale. Alipoinuka kuaga, Kapteni akachungulia juu ya ukuta, akamwambia Odyek neno ambalo Zulaika, aliyekuwa anakusanya sahani, hakulisikia. Odyek akaruka kutoka kitini na kupiga saluti.

Basi. Jioni ileile pikapu ikaja ikabeba masufuria yote saba, Jenerali akiwa juu, ameangalia mbinguni. Zulaika mwenyewe alishika kamba. Alimwambia hata dereva aendeshe polepole.

Siku mbili zikawa wiki. Simu ya Kapteni ikawa inajibu kwa sauti ya yule dada anayesema namba haipatikani.

Kwa Hajati Nusura watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Zulaika alikuwa amevaa gomesi yake ya sikukuu na alijisikia wakili. Aliposimama alitamani tu yule wa redio angekuwepo amwone.

"Hajati, mimi sina maneno mengi," alianza, na mtu mmoja nyuma akakohoa. "Mtu wa kwanza ni tapeli. Hayupo. Mtu wa pili ni mimi niliyetapeliwa. Niko hapa, mnaniona nilivyokonda."

"Hatujaona," Filda alisema.

"Mtu wa tatu ni yule aliyefungua mlango. Mtu akivaa vizuri, huo si mlango. Akisema vizuri, bado si mlango. Lakini askari aliyekula kiapo akimpigia mtu saluti mbele yangu, mimi mjane, binti wa askari, mjukuu wa askari waliotoka Sudani na bunduki za Mwingereza, niliyelelewa kwenye kambi nikijua kwamba saluti haipigwi bure! Hajati, huo ni mlango. Na bawaba zake."

Lilikuwa jambo la kweli, na wengi walitikisa kichwa kukubali, kwa maana karibu kila nyumba pale ilikuwa na gwanda limetundikwa mahali. Wote walijua saluti inavyopigwa na kwa nani.

Hajati Nusura akamgeukia Odyek. "Afande, yule mtu hakuwa na gwanda wala nyota begani. Ulimpigia saluti kwa sababu gani?"

Odyek alitazama viatu vyake.

"Sema tu," Filda akamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshazoea."

"Aliniita jina," alisema Odyek.

"Jina lako watu wote wanalijua."

"Si hilo. Lile la kazini. Alisema, 'Sajenti Chafya, bado unapiga chafya kwenye gwaride?'"

Watu walijaribu kuwa na adabu. Kisha adabu ikashindwa. Odyek akasubiri mpaka wakamaliza, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Akaeleza: zamani, wangali vijana, mgeni mkubwa sana alikuwa akikagua gwaride. Alipofika mbele ya Odyek, vumbi likampanda puani. Alijizuia mpaka machozi yakamtoka, mwisho akapiga chafya moja iliyorusha kofia yake mpaka miguuni kwa mgeni. Tangu siku ile kambini akawa Sajenti Chafya.

"Waliokuwa pale ndio wanaolijua jina hilo," alisema. "Wengi wameshakufa. Nikajua huyu lazima alikuwa mmoja wa maofisa wetu. Mwili ukainuka wenyewe."

"Na hapa mtaani," Hajati Nusura aliuliza taratibu, "ni nani anayelijua?"

Filda alikuwa amekunja uso, anahesabu kitu kichwani. "Mimi," alisema. "Na mtu mmoja niliyemwambia tukichambua mchele wa harusi ya Babra. Akaniapia kwamba litafia kifuani mwake."

Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja. Zulaika akachukua kikombe chake cha chai. Kilikuwa kitupu. Alikinywa hivyohivyo, kwa muda mrefu.

Angeweza kukana. Ulimi ule haujawahi kumwangusha, na tayari ulikuwa na hadithi tatu mlangoni zikisubiri amri. Lakini alimwona Odyek, mzee wa watu, ameinamisha kichwa kwa aibu aliyolazimishwa kuianika mbele ya mtaa mzima kwa sababu yeye Zulaika alitaka kuwa wakili. Akaweka kikombe chini.

"Nilimwambia," alisema. "Aliuliza yule mzee wa ng'ambo ya ukuta ni nani. Nami nikamweleza."

"Ulimweleza mpaka chafya?"

"Hajati, chafya yenyewe nilimpigia. Ili apate picha. Nikarusha na kofia. Nilitumia kawa la kufunikia chakula."

Hata Odyek alicheka safari hii, bila kupenda, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo kwa sheria ya redio yako," Hajati Nusura alisema akifuta macho, "aliyefungua mlango ni nani?"

"Mimi, Hajati. Ni mtu wa pili, na ni mtu wa tatu. Nikikaa vibaya hapa mtanifanya na wa kwanza pia."

Mtu mwingine angeishia hapo, afurahie ushindi, arudi nyumbani kumaliza ndevu zake. Odyek hakuwa hivyo. Alisubiri watu wanyamaze, akasema, "Lakini mwizi hali masufuria. Kuna mtu aliyeyanunua. Huyo naye alikuwa na macho."

Kesho yake wakashuka Nakivubo, yeye na Zulaika, Odyek mbele amevaa mkanda wake wa zamani wa kazi, Zulaika nyuma akijitahidi kunyamaza. Nyuma ya maduka kuna safu ya wanunuzi wa vyuma chakavu, na walizunguka wakiuliza mpaka wakafika kwa mmoja aitwaye Abubaker, mtu mnene mwenye mizani iliyoning'inia mlangoni. Nyuma ya magurudumu ya baiskeli Zulaika akaona ukingo wa sufuria alilolisugua kwa majivu miaka mingi. Akapiga yowe kama mtu aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege.

"Hayo nilinunua kihalali," Abubaker alisema haraka. "Mwenyewe amefariki."

"Mwenyewe nani?"

"Mama mmoja wa huko juu, Old Kampala. Zulaika. Jamaa aliyeniuzia alikuwa mpwa wake, mtu wa viatu safi kabisa. Alisema marehemu alikuwa mkarimu sana, na hata pesa ya kumzika vizuri hawana. Iliniuma, wallahi."

"Ukasemaje?" Zulaika aliuliza.

"Nilisema Mungu amrehemu."

"Amina. Imefika. Mimi ndiye marehemu."

Abubaker akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akarudi nyuma hatua moja.

Odyek akasogea. Hakupaza sauti. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza zamani nyuma ya meza ya kituo, swali moja, kisha kimya, kisha jingine.

"Alikuonyesha barua ya mwenyekiti wa mtaa?"

"Hapana, Afande."

"Ulimpigia simu ndugu yeyote wa marehemu?"

"Nilikuwa na wateja."

"Chini ya kila sufuria kuna alama ya kikundi, nyota tatu zilizopigwa kwa msumari. Uliziona?"

"Niliziona."

"Ukadhani ni nini?"

"Nilidhani ni mapambo."

"Mapambo, kwenye makalio ya sufuria?"

Wapita njia walikuwa wameshasimama, na hilo likawavunja mbavu. Abubaker akatafuta pa kutokea. "Sawa, mimi nimekosa. Na huyu mama aliyempa tapeli vyombo bila kitambulisho je? Yeye ni malaika?"

"Mimi nimeshahukumiwa, baba," Zulaika alisema. "Jana, mbele ya watu wengi kuliko hawa. Leo ni zamu yako."

Walibishana mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Kituo cha polisi kilitajwa, na Abubaker akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa amani. Masufuria matatu yalikuwa mazima, hayo yalirudi. Manne, Jenerali akiwamo, yalikuwa yameshavunjwa na kuuzwa kwa mafundi wa kuyeyusha. Abubaker alikubali kutoa chuma cha kutengenezea mengine ya ukubwa uleule. Gharama ya fundi aliikataa katakata, na wote watatu walijua kwamba hapo hasogei.

"Hiyo ni yangu," alisema Zulaika.

"Nusu," alisema Odyek.

"Afande, acha. Ni ulimi wangu."

"Saluti niliipiga mimi. Ningeweza kumuuliza alikuwa kikosi gani."

Alitoa nusu yake palepale, na hilo lilimchoma Zulaika kuliko kama angemtukana. Njiani kurudi alijaribu kumwomba msamaha. Aliona tabu kuyapata maneno, yeye ambaye maneno yalikuwa yakimfuata kama nzi. Alipoyapata Odyek alikuwa anavuka barabara na hakusikia.

Hajati Nusura aliyapokea masufuria yalipokamilika, akayagonga moja moja, akaridhika. Kisha akatoa uamuzi, na hakuuzungusha.

"Kuanzia leo yatakaa kwa Afande Odyek. Mtu akimuuliza Afande habari za jirani, jibu litatoka baada ya Pasaka. Mama Sumayiya, tunakupenda. Lakini umeona."

"Nimeona, Hajati," alisema Zulaika. Akasaidia kuyabeba. Ilibidi wapite mbele ya mlango wake, kwa sababu njia ni hiyohiyo moja.

Siku zilizofuata alijifunza kwamba baraza isiyo na watu ina sauti yake, na si sauti nzuri. Waliotaka sufuria waligeukia lango la pili. Walimsalimia vizuri, hilo hawezi kukataa, lakini walimsalimia wakitembea. Alipanga viti. Akavipangua. Alimweleza redio habari moja tamu sana ya kaka yake Babra, na redio ikamjibu kwa tangazo la sabuni. Alipika wali wa kipimo chake cha siku zote, maana mkono haukujua kipimo kingine, akaula siku tatu.

Ijumaa baada ya swala, masufuria mapya yalipikiwa mara ya kwanza. Ni desturi ya kikundi: chakula cha kwanza cha chombo kipya ni cha mtaa mzima. Kwa Odyek watu waliingia tangu asubuhi. Zulaika alikaa ndani kwake na mlango nusu wazi. Alisikia mbao zikivunjwa, akasikia vifuniko, akasikia mtu akimwaga mchele mapema mno, maji hayajachemka sawasawa. Harufu ilipofika akajua wali umeshika chini. Mara mbili alitoka mpaka kwenye matofali yake. Mara mbili akarudi kukaa, akajiambia kwamba mtu mzima hachungulii, kisha akakumbuka kwamba maisha yake yote alikuwa mtu mzima na alichungulia.

Mlango ukagongwa. Filda alikuwa amesimama pale, jasho usoni, masizi kwenye shavu.

"Mama Sumayiya."

"Nipo, mama. Kichwa tu kinaniuma kidogo."

"Kichwa gani? Nimeona matofali yako yakipanda na kushuka." Filda akajifuta kwa ncha ya leso. "Kuku amechinjwa na Sadik wa msikitini mwenyewe, nilisimama pale nikamwona, usije ukaniletea visingizio vya dini. Na wali umeshika chini."

"Najua. Nimeusikia."

"Sasa watu wamekaa mle ndani kama waliofiwa na mtu wasiyemjua. Afande amewaeleza habari ya mvua mara mbili. Akwero anasinzia. Hajati anatazama dari."

Zulaika alitazama mikono yake. "Filda, nililitoa jina la mume wako kwa mwizi."

"Ulilitoa. Na mimi nililitoa kwako, nikijua ni wewe." Filda alisukuma mlango ukafunguka wote. "Afande ndiye aliyenituma. Amesema kama hutaki, nikuvute. Vaa ndala, twende ndani ukale."